Kuanzia mwisho: pareto ya Nakuru na jinsi wanakemia wanavyopanga kuunda molekuli

Aliyekulia Molo, Elburgon au Mau Narok analijua ua la pareto tangu utotoni: petali nyeupe, katikati manjano, linachumwa kwa mkono, linaanikwa hadi likauke, kisha linapelekwa kiwandani mjini Nakuru kutolewa dawa. Dawa yenyewe ni kidogo. Katika ua lililokauka, asilimia 1 hadi 2 hivi ya uzito ndiyo piretrini. Mengine yote ni makapi. Hicho kidogo kinatosha kumwangusha mbu au nzi upesi, kwa sababu piretrini huvizuia vilango vya sodiamu kwenye neva zake visijifunge, naye hutetemeka na kupooza.

Je, kama shamba lisingekuwepo? Kama ungepewa maabara, chupa za kemikali za kawaida, na uambiwe uunde piretrini kuanzia hizo, ungeanza na chupa ipi?

Wanafunzi wengi wa kemia hujibu kwa kutazama rafuni. Hapo ndipo wanapopotea. Ukiwa na chupa mia moja na mimenyuko hamsini unayoifahamu, yaani njia hamsini za kugeuza kemikali moja kuwa nyingine, hatua ya kwanza pekee ina machaguo elfu tano, na kila moja linazaa mengine maelfu kwenye hatua ya pili. Usanisi, yaani uundaji, wa molekuli ya kiasi unaweza kuwa na hatua kumi, na wa molekuli ngumu hatua hamsini au zaidi. Hakuna atakayepita katika msitu huo kwa kujaribu njia moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mpangaji mzuri hutazama piretrini kwanza na kujiuliza: kitu hiki, hatua moja kabla hakijawa hiki, kilikuwa nini? Akishapata jibu anauliza swali lile lile kuhusu jibu hilo, na kuendelea hivyo hadi afike kwenye vitu vinavyouzwa. Safari ya kwenda mbele inakuja baadaye, maabarani.

Kwa muda mrefu ustadi huu ulikaa vichwani mwa watu wachache. Robert Robinson wa Uingereza, mwaka 1917, aliitazama tropinoni, molekuli yenye pete mbili zinazoshikana, akaona kwamba pande zake mbili zinafanana. Akaivunja kwa mawazo kwa ulinganifu huo, ikawa vipande vitatu vidogo, kisha akavichanganya pamoja katika chombo kimoja na tropinoni ikajiunda. Richard Willstätter alikuwa ameitengeneza mwaka 1901 kwa mlolongo mrefu wa hatua, na mwishoni alibakiwa na chini ya asilimia 1. Tofauti ya wawili hao ilikuwa kwenye karatasi kabla ya kuwa kwenye chupa.

Aliyeugeuza ustadi huo kuwa kanuni za kufundishika ni Elias James Corey wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kuanzia miaka ya 1960. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1990 kwa kazi hiyo. Kanuni yake ya msingi ni nyepesi kuieleza na ngumu kuizoea: bondi, yaani kiungo kati ya atomu mbili, usiikate kwa sababu tu inakatika vizuri kwenye mchoro. Ikate pale tu unapoujua mmenyuko wa kweli utakaoiunganisha tena.

Turudi kwenye piretrini, maana kanuni bila molekuli haishiki kichwani. Ua la pareto lina piretrini za aina sita. Tuchukue piretrini I, yenye kaboni 21, hidrojeni 28 na oksijeni 3. Fundi wa nguo akiletewa gauni aambiwe ashone jingine kama hilo, haanzi kwa kukata kitambaa. Analigeuza ndani nje atafute mishono. Katika piretrini I kuna mshono mmoja unaojitokeza kuliko yote, nao ni esta: mahali ambapo asidi na alkoholi zilishikana na kutoa molekuli moja ya maji. Kuunda esta ni katika mambo ya kwanza mwanafunzi wa kemia anayofundishwa, kwa hiyo kukata hapo ni salama. Ukikata na kurudisha maji, unapata vitu viwili: asidi ya krisanthemi yenye kaboni 10, na alkoholi iitwayo piretroloni yenye kaboni 11. Kumi na kumi na moja, ishirini na moja. Hakuna kaboni iliyopotea.

Mkato huo una faida nyingine isiyoonekana haraka, na inahusu mavuno. Hakuna mmenyuko unaotoa asilimia mia. Ukipata asilimia 80 katika kila hatua umefanya vizuri, lakini hatua kumi zikifuatana msururu mmoja, kinachobaki ni asilimia 11 hivi ya ulichoanza nacho. Hatua ishirini, kidogo zaidi ya asilimia 1. Sasa zigawe hatua zile zile kumi: nne upande mmoja, nne upande wa pili, ya tisa iunganishe pande hizo, ya kumi imalizie. Kazi ni ile ile, ila kila kipande kimepita hatua sita tu, na mavuno yamepanda hadi asilimia 26. Zaidi ya hayo, ukimwaga chupa au hatua ikikataa, umepoteza upande mmoja, na ule mwingine bado uko kabatini. Kwa hiyo mkato unaoipasua molekuli karibu na katikati una thamani kuliko ule unaong'oa kaboni moja pembeni. Esta ya piretrini I iko karibu katikati kabisa.

Upande wa piretroloni nitaupita haraka. Ni pete ya kaboni tano yenye mkia ulio na bondi maradufu mbili zinazofuatana, na mkia huo ni mwepesi kuharibika, jambo tutakaloliona tena. Utamu wa kupanga uko upande wa asidi.

Asidi ya krisanthemi ina pete ya kaboni tatu. Pete ndogo hivyo imejikunja kwa nguvu na haipendi kuundwa kwa njia za kawaida. Juu ya kaboni ya kwanza ya pete kuna vikundi viwili vya methili (kila kimoja kaboni moja na hidrojeni tatu), juu ya ya pili kuna kikundi cha asidi, na juu ya ya tatu kuna mkia mfupi wenye bondi maradufu. Tuikate wapi?

Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, waliochapisha kazi yao mwaka 1924, waling'oa ile kaboni inayobeba asidi. Kinachobaki ukiiondoa ni mnyororo wa kaboni nne wenye bondi maradufu mbili, na methili mbili kila mwisho. Uchore uone: kushoto na kulia ni sawasawa. Hiyo ndiyo zawadi ya mkato wao. Kwenda mbele, kaboni iliyong'olewa inaletwa na esta ya asidi ya diazoasetiki, ambayo kwa kifupi nitaiita diazo. Ikikutana na shaba kama kichocheo, esta hiyo inaachia nitrojeni, na kaboni inayobaki inakuwa na njaa kubwa ya bondi, hata inarukia bondi maradufu ya jirani na kufunga pete ya kaboni tatu kwa mpigo mmoja. Mnyororo una bondi maradufu mbili, lakini kwa kuwa zinafanana, yoyote itakayorukiwa inatoa kitu kile kile. Mnyororo usio na ulinganifu ungeleta mchanganyiko wa kutenganisha kwa taabu.

Hata hivyo mpango haujaisha, na hapa ndipo naona wanafunzi wanateleza zaidi. Kitu kilichopatikana bado kina bondi maradufu moja, ile ya mkia. Ni nini kinaizuia kaboni nyingine yenye njaa isiirukie hiyo nayo, na kutoa molekuli yenye pete mbili ambayo hatuitaki? Kinga yake ni namna ya kumimina. Weka mnyororo mwingi kupita kiasi, na diazo uidondoshe polepole, ili kila kaboni yenye njaa ikutane na mnyororo mpya kabla haijakutana na kilichokwisha kuundwa. Uamuzi wa aina hiyo haumo kwenye mchoro wa mishale, na bila huo mchoro hauna kazi.

Kuna swali la pili: kwa nini esta? Tunataka asidi, basi mbona tusitumie asidi ya diazoasetiki yenyewe? Kwa sababu diazo na asidi havikai pamoja. Asidi huishambulia diazo na kuiharibu kabla ya kazi kuanza. Kwa hiyo kundi la asidi linafunikwa kwanza kwa kikundi cha ethili, pete inafungwa, ndipo ethili inavuliwa kwa alkali. Wanakemia huita kitu kama hicho kikundi kinga. Ni gharama ya hatua mbili, moja ya kuvisha na moja ya kuvua, na mpangaji mwenye huruma na wakati wake huvitumia vichache iwezekanavyo. Hapa gharama ni ndogo, maana esta hiyo inatengenezwa na kutumiwa ikiwa imeshavaa.

Na mpangilio? Esta ya piretroloni ndiyo hatua ya mwisho kabisa, wala si kwa bahati. Tuseme mtu ameharakisha, ameunganisha piretroloni mapema, na sasa anatia alkali ili avue kinga mahali pengine. Alkali haichagui, itavunja esta yake ya thamani pia. Pia ule mkia mwepesi wa piretroloni ungepitishwa katika hatua ambazo haukuwa na haja ya kuziona. Kitu dhaifu kiingizwe mwishoni. Sheria hiyo utaikuta karibu katika kila usanisi mkubwa, hata ule wa vitamini B12 uliokamilishwa mwaka 1972 na kundi la Robert Woodward wa Harvard na la Albert Eschenmoser wa Zürich, kazi iliyowashughulisha watu wapatao mia moja kwa zaidi ya miaka kumi.

Mkato wa Staudinger na Ruzicka sio pekee. Jacques Martel wa kampuni ya Roussel-Uclaf, Ufaransa, katika miaka ya 1960, aliipasua asidi hiyo katikati: kaboni tano huku, kaboni tano kule. Kipande kimoja kilibeba salfa, ambayo kwanza inakiwezesha kipande hicho kukishika chenzake, kisha inaondoka huku pete ikifunga. Njia ya tatu haikati pete hata kidogo. Tapentaini ya baadhi ya misonobari ina kareni, ambayo tayari ina pete ya kaboni tatu yenye methili mbili, na mwanakemia huichonga hiyo hadi ifanane na asidi anayoitaka. Ipi bora? Kwa mchoro mzuri ningechagua ya kwanza. Kwa umbo sahihi la molekuli, ya pili na ya tatu zina la kusema, na umbo ni jambo zito.

Piretrini I ina kaboni tatu ambazo kila moja inaweza kupangwa kwa namna mbili, moja ikiwa taswira ya nyingine katika kioo. Mbili mara mbili mara mbili, maumbo manane. Ua la pareto hutengeneza moja tu kati ya hayo manane, na mdudu hudhurika kwa kutegemea umbo. Taswira yake ya kioo inaweza isimfanye kitu. Njia ya diazo, ikiachwa ilivyo, hutoa asidi ya krisanthemi katika maumbo yote manne yanayowezekana. Njia ya Martel huelekea zaidi umbo ambalo asidi na mkia viko pande tofauti za pete, kama kwenye ua, lakini bado pamoja na taswira yake ya kioo. Kareni inakuja na upande wake tayari, kwa kuwa mti ndio ulioamua. Mwaka 1966 Hitoshi Nozaki na Ryoji Noyori wa Japani walionyesha kwamba shaba iliyofungwa ndani ya molekuli yenye umbo la upande mmoja inaweza kuielekeza pete ifunge upande mmoja kuliko mwingine. Mwanzoni upendeleo ulikuwa mdogo, lakini wenzao wa kampuni ya Sumitomo waliukuza hadi ukawa wa kufaa kiwandani kwa asidi hii hii. Noyori alishiriki Nobel ya mwaka 2001 kwa kazi iliyoanzia kwenye wazo hilo.

Baada ya ufundi wote huo, piretrini ya asili bado hutoka kwenye maua. Kuitengeneza yote kwa mikono inawezekana, ila gharama haikubali. Basi wapangaji wakauliza swali ambalo ninaliheshimu kuliko mengine yote katika habari hii: je, ni lazima tuunde molekuli hii hasa? Jua huivunja piretrini kwa saa chache, na piretroloni ni ya kusumbua. Mwaka 1949 Milton Schechter na wenzake Marekani waliubadilisha ule mkia mwepesi kwa mwingine mfupi zaidi, wakapata alethrini, ambayo jamaa zake wamo hadi leo katika koili za mbu tunazowasha jioni. Michael Elliott na kundi lake katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walikwenda mbali zaidi. Permethrini yao ya mwaka 1973 iliitupa piretroloni yote na kuweka mahali pake alkoholi yenye pete mbili za benzini zilizoshikwa na oksijeni. Alkoholi hiyo haina kaboni hata moja yenye taswira ya kioo, kwa hiyo tatizo la umbo upande huo likatoweka lenyewe. Upande wa asidi waliweka klorini mbili mahali pa methili za mkia, na molekuli ikastahimili jua. Deltamethrini ilifuata mwaka 1974, na kati ya maumbo yake manane inauzwa ikiwa umbo moja tu.

Huku kwetu habari hizo si za mbali. Katika miaka ya 1990 vyandarua vilivyotiwa permethrini vilijaribiwa Asembo na Gem, Siaya, katika utafiti mkubwa wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vya Marekani, na vifo vya watoto wachanga vilipungua. Pete ile ya kaboni tatu, iliyoanzia kwenye ua, ndiyo iliyokuwa imening'inia juu ya vitanda vya watoto wa kando ya ziwa.

Na mmea wenyewe hupangaje? Ua la pareto huunda asidi yake kwa kushikanisha vipande viwili vya kaboni tano, yaani hukata mahali pale pale alipokata Martel. Asidi hutengenezwa katika vinyweleo vilivyo juu ya vitunda vichanga vya ua, alkoholi huja kwa njia nyingine inayoanzia kwenye mafuta, na kimeng'enya huvifunga viwili hivyo kwa esta mwishoni kabisa. Pande mbili, mshono mmoja, hatua ya mwisho. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku hizi kompyuta hufanya sehemu ya kazi hii. Corey na Todd Wipke walikwisha kuandika programu ya kufumua molekuli mwaka 1969, na mwaka 2018 Marwin Segler na wenzake walionyesha mashine iliyojifunza kutoka kwenye mamilioni ya mimenyuko iliyochapishwa. Inapendekeza mikato haraka kuliko mtu yeyote. Lakini ni lazima mtu ajue kwamba diazo ya wingi ni hatari ya mlipuko, au kwamba kiyeyusho fulani hakipatikani nchini. Katika maabara nyingi za huku chupa moja ya kemikali maalumu huagizwa ng'ambo na kusubiriwa wiki kadhaa, kwa hiyo saa moja ya penseli na karatasi ina thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwa wenye rafu zilizojaa. Ningependa kila mwanafunzi wa kemia wa Njoro, Maseno au Kakamega apewe saa hiyo kabla hajapewa chupa.

Kwa anayetaka kuanza leo, achore permethrini. Akate esta, atapata ile alkoholi ya pete mbili za benzini, na asidi yenye pete ya kaboni tatu na mkia wa klorini mbili. Kisha aikate pete kama Staudinger na Ruzicka, kwa kung'oa kaboni inayobeba asidi. Mnyororo unaobaki sasa hauna ulinganifu: bondi maradufu moja ina methili mbili, nyingine ina klorini mbili. Kaboni yenye njaa itarukia ipi? Inatafuta elektroni. Methili huisukumia bondi elektroni, klorini huzivuta, kwa hiyo pete itafungwa upande wa methili, yaani upande tunaoutaka. Wanakemia wa Prague waliitengeneza asidi hiyo kwa njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, zaidi ya miaka kumi kabla Elliott hajaihitaji.